Nilipopimwa Sebuleni Kwangu

Kwa miaka mingi nilifundisha saikolojia chuoni hapa Mwanza, na alasiri nilipokea watoto: waliougua malaria ya ubongo wakapoteza maneno, waliogongwa na bodaboda, walioacha kusema tangu wazazi watengane. Niliketi nao pamoja na familia zao. Sharti langu lilikuwa moja: mtu asizungumziwe pembeni. Awe mtoto, awe bibi, aambiwe ana kwa ana.

Nilipostaafu niliendelea kuwapokea nyumbani, Buhongwa. Kisha wakaanza kupungua. Nilidhani ni mvua na ubovu wa barabara.

Jumamosi moja mchana binti yangu alimleta mgeni, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ana kliniki yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

Nilifurahi, nikamkaangia sato mwenyewe. Tukiwa mezani akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Baadaye, jana tulikula nini. Kisha akaniomba nimtajie wanyama wengi niwezavyo, eti ni mchezo anaocheza na wanawe. Nilikuwa nimefika kwa pundamilia niliposita ghafla. Kipimo kile cha kumbukumbu nilimfundisha mimi. Hata ile sauti ya upole nilimfundisha mimi.

"Unanipima?"

Akainamia sahani. Aliyejibu ni binti yangu. "Mama, ulisahau jiko likiwaka. Wajukuu unawachanganya majina. Niliogopa."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Labda ningekataa. Lakini hata nafasi ya kukataa hakunipa.

Mgeni akasema haoni tatizo, ni uzee tu. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi getini. Niliporudi ndani nikampigia simu mama mmoja wa Mabatini, ambaye mwanawe nilikuwa namsaidia kujifunza kusema upya kabla hawajaacha kuja.

"Pole sana, Profesa," akasema. "Binti yako alitupigia, akatueleza kwamba kumbukumbu zimeanza kukuacha. Mtoto sasa anakwenda kwa yule mwanafunzi wako. Anaendelea vizuri."

Nikasema namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, na nilimaanisha.

Binti yangu alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Umewaambia wangapi?"

Aliendelea kusuuza sahani ile ile.

Bado anakuja kila Jumapili baada ya ibada. Tunapika, tunakula, tunacheka kidogo na wajukuu. Lakini akiniuliza kama nimelala vizuri, huwa nafikiri kwanza kabla ya kumjibu.