Sikio la Mrusha Kisahani

Mrusha kisahani wetu hakitazami kisahani chake kikiruka. Huku Mgwashi ukungu hushuka mpaka kwenye maharage, jicho halifiki popote. Basi tangu usichana wake hurusha, kisha huinamisha shingo asikilize kimeangukia wapi. Hata kule Olimpiki, kweupe pee, aliinamisha shingo vilevile, wageni wakacheka. Vidole vyake ni vipana, vina udongo wa viazi kwenye kucha, na akiongea na mtu hukizungusha kisahani mapajani kama anayepembua mchele.

Siku hizi masikio yamechoka. Leo asubuhi alimwambia jirani yake Evelina, “Kisipoupita mpeasi ule, nawapa wasichana wa shule. Mimi basi.” Akajizungusha, gauni likavimba, ukungu ukakimeza kisahani. Evelina akasikia puu! kwenye maharage, hatua nyingi kabla ya mpeasi.

“Kimeangukia wapi, mdogo wangu?”

Evelina, mzee wa kanisa asiyejua uongo, akaitazama ile shingo iliyoinama ikingoja.

“Sijasikia kitu, dada. Labda bado kinakwenda.”

“Basi na tukingoje,” akasema, wala hakuinua shingo.