Kijana Aliyechemsha Maziwa ya Kwanza

Shule nilisoma kidogo tu, nikatoka nikaenda kuchunga mbuzi za mtu huko Endarasha. Mtu huyo alikuwa na mbwa aliyekula viatu, akala panya waliooza, akanywa maji ya dimbwi la kondoo, na sikumwona akiharisha hata siku moja. Mimi nilionja dimbwi hilo hilo, nikashinda vichakani. Kwa nini mimi, si yeye? Swali hilo nilizeeka nalo, mpaka ng'ombe wangu akanipatia jibu.

Mwaka juzi ng'ombe huyo alizaa asubuhi ile ile kijana mmoja wa mtaa wa Skuta alipokuja kumposa binti yangu. Anauza simu, viatu vinang'aa. Alitaka sana nimkubali, nami nilitaka kuona kama mikono yake inajua kazi.

"Kama unataka msichana, lisha huyo ndama."

"Hakuna shida, baba."

Tayari mimi ni baba.

Akakamua vizuri, hilo sikatai. Halafu akapeleka jikoni, akachemsha. Kwetu maziwa hayanyweki bila moto, hata mimi nikaona sawa, nikamsogezea kuni. Lakini yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano, yakaganda kama mayai ya kukaanga. Akakoroga, akapuliza, jasho likamtoka.

Daktari wa mifugo, mama asiye na haraka, alikuwa amekuja kuangalia ng'ombe. Akachungulia sufuria.

"Nani amepika askari?"

Akatueleza. Ng'ombe akikaa kwa boma, mwili wake unajua viini vya magonjwa ya hapo, unatengeneza kinga, ndio hao askari, nayo inashuka kwa maziwa ya kwanza. Utumbo wa ndama unaipokea saa chache tu, kisha unafunga mlango. Akikua, ukuta wa utumbo wake wenyewe unajifunza kutengeneza askari wake, wanaoshika viini kabla havijapenya. Moto unaharibu kinga yote.

"Hata mbwa anayekunywa dimbwi ana hao askari?" nikauliza.

"Hata wewe, mzee, lakini wanashika vizuri viini walivyozoea tu. Sasa mkamue tena, na msichemshe."

Binti yangu akakamua mwenyewe. Ndama akanywa, mkia ukicheza.

Mdomo wangu haujui kunyamaza. "Mkwe," nikasema, "ukipata mtoto, utamchemsha mama yake?"

Binti yangu akacheka mpaka akashika ukuta wa zizi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kijana akasema anaenda kuosha sufuria kwa mfereji. Tukamwona akiiosha, akaiinamisha vizuri juu ya jiwe, akapangusa viatu, akafungua geti, akateremka na barabara bila kugeuka. Hajarudi.