Kelele Walizoondoa

Mume wangu alikuwa fundi wa mashua, na mtangazaji mmoja wa podikasti alimpigia kwa mtandao kutoka Nairobi ili amhoji. Alimwambia mtandao hukatakata maneno, kwa hivyo ajirekodi kwa simu ya pili, kisha amtumie. Tulifungia kuku, tukaziba dirisha kwa blanketi. Nyumba yetu ya Nyalenda haijawahi kunyamaza vile.

Katikati ya mazungumzo mume wangu akasahau kwamba mtangazaji yuko Nairobi, akaniita kwa sauti: "Mama, mpe mgeni chai!"

"Mgeni yupi? Aifuate huku!" nikamjibu kutoka jikoni. Alicheka mpaka akakohoa.

Alituma rekodi, akaifuta kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Sasa amekufa. Baada ya mazishi nilisikiliza kipindi chote, nikakuta pale aliponiita pamekatwa. Nikampigia yule mtangazaji.

"Pole sana, Mama. Tulisafisha sauti tu, tukaondoa kelele."

"Kelele gani?"

"Za nyumbani."

"Basi nipe ile ambayo haijasafishwa."

"Huwa hatuziweki, Mama. Tulishafuta."

Nilikata simu kabla sijamtukana, na hadi leo najuta kwamba sikumtukana. Watu wanasifu kipindi kile, eti sauti ni safi kama ya redio. Mimi sitaki safi. Kuna mahali mume wangu anavuta pumzi, halafu anaendelea na habari za mbao na misumari. Baada ya pumzi hiyo ndipo aliponiita. Narudia hapo kila ninaposikiliza, na kila mara hasira yangu ni mpya.