Devotha na Manowari ya Mzee Mwinyimadi

Maili Moja tumejaliwa wataalamu wa kompyuta wengi kuliko kompyuta zenyewe. Muuza chipsi ni mtaalamu, dereva wa bodaboda ni mtaalamu, na hata mimi ninayeuza ndoo na mabeseni nimewahi kutoa ushauri wa kiufundi ambao, namshukuru Mungu, hakuna aliyeufuata. Devotha Ngusa, jirani yangu mwenye duka la kutoa kopi na kutengeneza kompyuta, hatukumweka katika orodha hiyo. Alikuwa na tabia mbaya sana kwa fundi: akiulizwa kitu asichokijua, alijibu "sijui" mbele ya mteja.

Wazazi wake walishuka Pwani na ng'ombe kutoka Shinyanga. Kaka zake wakawafuata ng'ombe. Yeye akafuata mafunzo ya kompyuta hapa Kibaha, katika kituo kilichokuwa kikifundishia mashine ambazo wenye nazo walishazichoka. Ndiko alikokutana na DOS, ile ya kioo cheusi na herufi nyeupe, ambayo unaiandikia amri kwa mkono na ukikosea herufi moja inakujibu kama karani aliyenyimwa likizo. Wenzake walimaliza mafunzo wakaisahau siku hiyohiyo. Devotha aliipenda. Nyuma ya duka lake kulikuwa na mashine kuukuu zimepangwa hadi darini, na kila mteja akitoka Devotha alirudi kucheza magemu ya zamani. Mumewe, Onesmo, mtu mpole sana, alizoea kutuambia, "Mke wangu ana maradhi, ila hayaambukizi."

Siku moja bajaji ilisimama mbele ya duka, akashuka Raudha, mwalimu wa shule ya msingi, akiwa na kompyuta iliyogeuka manjano kama meno ya mvuta sigara, na kioo chake kizito cha kubebwa na watu wawili. Nilisaidia kubeba, kwa hiyo nikajipa haki ya kubaki na kusikiliza.

"Ni ya baba yangu, Mzee Mwinyimadi, yuko Vihingo," alisema Raudha. "Humo kuna gemu la manowari. Wewe ndiye nahodha, unawinda nyambizi chini ya maji. Alilicheza tangu mimi mtoto. Sasa linagoma. Na likikubali, halina sauti. Yeye anataka sauti."

"Nitaliangalia," Devotha akasema. "Mzee bado anacheza vizuri?"

"Haoni. Presha ya macho imemaliza macho yote mawili."

Kisha mimi, kwa ule ustaarabu ninaojulikana nao, nikauliza, "Haoni, halafu anataka gemu?"

Raudha hakunijibu mimi, alimjibu Devotha. "Dada, tangu macho yazime baba haongei. Anakaa barazani, anaitikia salamu, basi. Juzi ndiyo kafungua kinywa mwenyewe, akasema nileteeni lile gemu langu na sauti yake. Mama anadhani amechanganyikiwa. Mimi nimeona nibebe tu."

Habari ilienea kabla bajaji haijageuza. Kufikia mchana wataalamu walikuwa wamejaa mlangoni. Maneno, anayeuza makava ya simu, alitazama ile mashine kwa huruma akasema, "Piga windo mpya, mambo yaishe." Alipoambiwa Windows ya kisasa haiwezi kuingia humo, alifikiri kidogo, akatoa ushauri wa pili: "Basi ongeza RAM."

Ushauri mzuri sana, isipokuwa kwamba memori, ndiyo hiyo RAM, ilikuwepo tele. Devotha alijaribu kutueleza. Mashine ya DOS ni kama nyumba yenye vyumba vingi, lakini gemu la zamani linajua kukaa sebuleni tu. Sebule ikijaa wageni, linasimama mlangoni na kulalamika kwamba nyumba haina nafasi, na vyumba vya nyuma vitupu. "Kwa hiyo siongezi nyumba," alisema. "Natoa watu sebuleni." Maneno akatikisa kichwa kwa kuelewa, kisha akasema kwamba hata hivyo RAM ingesaidia.

Kwanza Devotha alibadilisha betri ndogo ya ndani inayotunza tarehe, maana mashine ilikuwa ikiamka kila mara ikiamini Raudha hajazaliwa. Kisha akaingia kwenye sauti. Gemu lilitaka kuambiwa kadi ya sauti inapatikana kwa namba ipi. Akachagua saba. Muziki ukaanza, manowari ikatokea, bomu la kwanza likaanguka, na mashine yote ikaganda palepale na mlio mdomoni: bu-bu-bu-bu-bu. Mama mmoja aliyeleta kadi za harusi kutoa kopi alikimbilia nje akidhani transfoma inapasuka. Kadi za harusi zikaenda kutolewa kopi duka la ng'ambo, na mteja huyo hatujamwona tena.

Kumbe namba saba ilishachukuliwa na printa. Devotha akaweka tano. Sasa sauti ilikuwa safi, lakini gemu likagoma kufunguka kabisa: memori haitoshi. Ile programu ya kuendesha sauti ilikuwa imekaa sebuleni na wenzake. Akiiondoa, gemu linafunguka likiwa bubu. Akiirudisha, gemu halifunguki. Alikwenda hivyo wiki nzima, akiwasha, akizima, akiandika amri, akifuta. Alimtoa sebuleni panya wa kompyuta. Alikitoa kile kifaa cha kusomea sidii. Waliobaki aliwasukumia vyumba vya nyuma mmoja mmoja, na bado nafasi ilipungua kiasi kidogo cha kuudhi.

"Mrudishie tu," Onesmo alimshauri siku alipomletea chakula cha mchana akakuta hajala cha asubuhi. "Mwambie gemu limepona, sauti imeshindikana. Ni mzee, ataelewa."

Devotha aliweka chini bisibisi. "Nikimrudishia bila sauti nimemrudishia nini, Onesmo? Picha?"

Onesmo akakaa. Tangu hapo hakutania tena habari ya maradhi, walau si katika kazi hiyo.

Kesho yake Devotha akamkamata mgeni wa mwisho. Alikuwa amejikunja ndani ya memori kwa jina lisiloeleweka, kimya, akishika nafasi tangu enzi hizo: programu ndogo ya kukumbusha nyakati za swala. Hapo ujasiri ukamwisha. Binti wa kanisani, mjukuu wa wafuga ng'ombe wa Usukuma, afute nyakati za swala katika kompyuta ya mzee wa Kiislamu wa Kisarawe ili mzee apate nafasi ya kulipua nyambizi? Maneno, ambaye siku hiyo hakuwa na ushauri, alisema suala hilo ni zito na likiwezekana lipelekwe Bakwata, kwenye baraza la Waislamu. Devotha aliona ni rahisi zaidi kumpigia mwenyewe. Raudha akampa namba ya mama yake, Bi Mwanaamina, na Bi Mwanaamina akampelekea mzee simu.

"Shikamoo mzee. Ni mimi fundi wa Maili Moja."

"Marahaba, mwanangu."

Akaeleza, kwa kuzungukazunguka, kama anayetangaza msiba. Mzee akasema, "Hiyo aliiweka mpwa wangu Twalibu. Adhuhuri inaniitia alasiri. Miaka yote hiyo ningeifuata si ningekuwa nimeasi? Msikiti uko hapa mlangoni na mwadhini ana kipaza sauti kinachofika Mzenga. Iondoe."

Akaiondoa. Gemu likafunguka. Muziki ukapiga, bomu likaanguka, likalia vizuri, likanyamaza kistaarabu. Devotha aliinuka kwenye kiti, akaenda kusimama nje ya duka, akawa anaangalia tu magari ya barabara ya Morogoro. Nilimuuliza kama limekubali. Aliitikia kwa kichwa.

Jumapili baada ya ibada tukaipeleka, mimi nikiwa mbeba kioo. Tukapita Mlandizi, tukaingia barabara ya vumbi ya Mzenga hadi Vihingo. Mzee Mwinyimadi alikuwa barazani, mrefu, kanzu safi, uso ameuelekeza mahali ambapo sisi hatupo. Watu wa jirani walikwishakusanyika, kwa sababu kipofu kucheza gemu si jambo la kila Jumapili. Devotha akaunganisha nyaya, akaweka spika moja huku na moja kule, akamwongoza mzee hadi kwenye kiti. Vidole vyake vikatafuta kibodi, vikatulia juu yake vyenyewe.

Gemu likaanza. Nyambizi ilisikika mbali, inalia ting... ting... Mzee akainamisha kichwa, akageuza manowari, akaangusha mabomu. Maji matupu. Akageuza tena. Maji matupu. Nyambizi ikampiga kombora, manowari ikazama, na kioo kikaonyesha bahari tulivu, kwa faida ya sisi tunaoona.

Akajaribu tena, akazama tena. Raudha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Jirani mmoja, kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika hadi zizini, akasema, "Umri huo, jamani." Mimi mwenyewe nilishaandaa uso wa kumfariji mtu.

Mzee akageuka kuelekea alikosimama Devotha.

"Mwanangu."

"Naam, mzee."

"Umenibadilishia masikio."

Devotha hakuelewa. Kisha akaelewa, akashika mdomo. Spika ya kushoto alikuwa ameiweka kulia, na ya kulia kushoto. Nyambizi ilipokuwa upande mmoja, mzee aliisikia upande wa pili, akawa anaikimbia kwa ushujaa mkubwa. "Nisamehe, mzee, nimekosea," alisema, akabadilisha palepale mbele ya watu wote.

Mara ya tatu mzee alitega sikio. Ting, kulia. Akageuza. Ting, katikati. "Mama Raudha," akaita, "nyambizi iko kina gani?"

Bi Mwanaamina, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko akionyesha wazi kwamba hahusiki, aliitwa mara ya pili ndipo akasogea kwenye kioo. "Imeandikwa arobaini."

"Una uhakika?"

"Nani mwenye macho hapa?"

Mzee akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini Raudha alimshika Devotha mkono akaubana. Bomu likashuka, kimya kidogo, halafu mlio ukaja, mzito, wa chuma kupasuka ndani ya maji, na baraza zima likapiga kelele pamoja na yule jirani mwenye habari za umri. Mzee akaegemea kiti, akaanza kutueleza jinsi nyambizi za gemu hilo zinavyojificha, na hakunyamaza hadi wali ulipoletwa, wala wali ulipoisha.

Tulirudi Kibaha na korosho na nazi za kutosha. Maili Moja siku hizi inajulikana kwamba gemu la mzee wa Vihingo lilipona kwa ushauri wa Maneno, ambaye huisimulia kazi hiyo vizuri kuliko aliyeifanya. Devotha anamwacha. Kilichomletea taabu ni simu aliyopigiwa baadaye na Bi Mwanaamina, akilalamika kwamba amefanywa baharia uzeeni, kila baada ya alasiri anaitwa kusoma kina, mboga inaungua, na mzee hataki kusikia habari ya kumpa mtu mwingine zamu.

"Pole, mama," Devotha alimwambia. "Nije nilifute?"

"Ulifute kwa nini?" Bi Mwanaamina akashusha sauti. "Nauliza tu, mwanangu, humo ndani hakuna gemu la watu wenye macho?"

Devotha akaniachia duka nilitazame, akachukua mfuko wake wa nyaya, akaenda Vihingo.