Ganda Jipya la Ufunguo wa Triza

Kila asubuhi, kabla hata ya kuinjika chai, Triza Khavere husimama dirishani, akanyoosha mkono katikati ya vyuma na kuliamsha gari lake. Ufunguo huushika kwa vidole viwili tu, maana ganda lake lilipasuka zamani na kinachoushikilia ni utepe wa mpira alioukata kwenye tyubu ya baiskeli. Huchomoa pini ya nywele kichwani, akaichomeka ncha yake mahali palipokuwa na kitufe. Kitufe chenyewe kililika mpaka kikabaki kishimo. Huko chini gari hukonyeza taa. "Haya, umeamka," Triza huliambia, kisha hulifunga tena. Hapo ndipo siku yake huwa imeanza.

Majirani wa Buruburu humwita Mama Mulama, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wengi hawajui kwamba ana jina lake. Miaka mingi alikuwa karani wa shirika la reli. Alijifunza kuendesha gari akiwa ameshapita hamsini, baada ya kumzika mumewe, na mwalimu wa udereva alimwuliza anakimbilia wapi. Alinunua gari dogo la buluu, ambalo jua limeshalifubaza, na tangu hapo amekuwa dereva wa akina mama wa kwaya. Kwaya yao huimba kwenye mikesha ya matanga, kutoka Komarock mpaka Dandora, nao hawaendi popote bila ngoma. Kabla ya gari, makanga mmoja wa matatu aliwahi kuitoza ngoma hiyo nauli ya mtu mzima, kisha akaikalisha dirishani na kumsimamisha Triza.

Jumapili moja, wakitoka kuimba Dandora, ganda lile lilisalimu amri. Triza aliuzungusha ufunguo, kichwa kikamvunjikia mkononi na chuma kikabaki kwenye gari. Akina mama walijaribu kila njia, mwishowe mmoja wao akampigia simu Mulama bila kumwuliza Triza. Mulama alitoka Syokimau na koleo mfukoni, akavishikanisha vipande, akaliwasha gari na kuliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Walipofika langoni ndipo akafungua mdomo.

"Mama, gari hili limezeeka."

"Kilichozeeka ni ganda la ufunguo."

"Nimeshaongea na mtu. Anaitwa Qamar, ana duka la mapazia Eastleigh na anatafuta gari la kubebea mizigo. Jumamosi mchana nitamleta alione."

"Kasikia wapi kwamba nauza?"

"Mama, tusianze. Ukitaka kwenda mahali, wewe nipigie tu. Nitakutumia teksi."

Ni maneno hayo ya teksi yaliyomkaa Triza kooni. Alijua yatakavyokuwa. Mulama atauliza: unaenda wapi, na nani, utarudi lini. Maswali hayo aliulizwa na baba yake, akaja akaulizwa na mumewe, halafu na bosi wake kule reli. Tangu alipopata gari hakuna aliyemwuliza. Hakuwa tayari kuanza upya na mtoto aliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu.

Jumanne akaenda soko la Mutindwa, kwenye kibanda cha Omolo, mchonga funguo. Omolo alivigeuzageuza vile vipande kama daktari anayetafuta namna ya kutoa habari mbaya.

"Mathe, ganda peke yake ninalo. Niachie, urudi jioni ukute tayari."

"Nichongee chuma kipya tu, uniuzie na hilo ganda. Nitalibadilisha mwenyewe."

"Mwenyewe? Hii kitu ina mambo ndani, mathe. Utavunja, halafu utarudi hapa ukilia."

"Umewahi kuniona nikilia?"

"Bado," Omolo akasema huku akiwasha mashine.

Si kwamba hakumwamini Omolo. Ila alijua kwamba akipeleka ufunguo kwa fundi, Mulama atasema leo ni ganda, kesho kitaharibika kitu kingine, na utamkimbilia nani. Alitaka siku Mulama atakapouliza nani ametengeneza, jibu liwe fupi.

Ijumaa jioni alimpigia simu binti yake, Nekesa, anayeishi Dandora na mumewe. Mume huyo, Kweyu, ni fundi wa magari. Kwao Triza, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani ana kwa ana. Husalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia pembeni, na mwenye la kumwambia mwenzake hulipitisha kwa binti. Siku ya harusi Kweyu alimwomba Triza chumvi kupitia kwa watu watatu.

"Muulize mumeo," Triza akasema, "kubadilisha ganda la ufunguo kuna siri gani?"

Kweyu alikuwa ameketi papo hapo. Sauti yake ilisikika waziwazi kwenye simu, lakini Triza alingoja, kama alivyolelewa, mpaka Nekesa aseme.

"Anasema ulifungue polepole kwa bisibisi bapa, Mama. Na usishike ile sahani ya umeme kwa mikono yenye mafuta."

Kwa nyuma Kweyu akaongeza, "Na kile cheusi, mwambie asisahau kile cheusi kidogo." Papo hapo mtoto wao akaangua kilio, Nekesa akasema, "Basi Mama, tutaongea," na simu ikakatika.

Triza alikuwa amesikia. Lakini neno la mkwe ambalo halijapitia kwa binti ni sawa na ambalo halijasemwa, na kulifuata ni kama kuchungulia jikoni kwa watu. Akaliacha lipite.

Jumamosi alimaliza kazi za nyumba mapema, akatandika gazeti mezani na kuvaa miwani. Alichomeka bisibisi kwenye ufa, akaizungusha taratibu, ganda kuukuu likaachia kwa mlio wa njugu inayopasuka. Ndani mlikuwa na betri ya duara na sahani nyembamba ya kijani. Aliihamisha sahani kwa ncha za vidole, akaipachika kwenye ganda jipya lenye chuma alichokichonga Omolo na kutia betri juu yake. Akafunga, akakaza skrubu. Ganda kuukuu alilitia kwenye karatasi ya mkate pamoja na maganda ya vitunguu, akalitupa takani. Vijana wa taka walipopiga mbinja nje, akawapa gunia lake kama kila Jumamosi.

Alishuka kwenye gari. Alibonyeza kitufe, kitufe halisi chenye alama ya kufuli, na milango ikafunguka. Triza akacheka peke yake. Akaketi, akazungusha ufunguo. Injini ilizunguka, ikazunguka, isiwake. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Kwenye dashibodi taa ndogo yenye umbo la ufunguo ilikuwa ikipepesa tu.

Akampigia Nekesa. Simu ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema.

"Nekesa?"

Mtu akakohoa. "Ametoka kidogo. Kaacha simu."

Alikuwa Kweyu. Triza akasikia nyundo ikigongwa mbali huko Dandora, na redio ya mtu. Angeweza kukata simu amngoje binti yake. Lakini Mulama alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba wametoka Eastleigh, na Nekesa akienda sokoni husalimia kila kibanda.

"Kweyu," akasema. "Niambie wewe mwenyewe."

Nyundo ikagonga mara mbili.

"Nimesema niambie wewe. Milango inafunguka, injini inazunguka, haiwaki. Nimekosea wapi?"

"Mama," Kweyu akaanza, akakohoa tena, "ndani ya lile ganda la zamani, pale kichwani, kuna kipande cheusi kidogo kama mbegu ya tikiti. Huwa kimegandishwa. Ile sahani kazi yake ni milango. Kinachotambuliwa na injini ni kile cheusi. Bila hicho gari linakuona mwizi."

"Mimi mwizi."

"Samahani, Mama. Gari ndilo linalokuona hivyo. Ganda la zamani liko wapi?"

Triza aliangalia upande wa lango. "Limeanza safari ya kuja huko kwenu," akasema. Taka zote za mtaa ule huishia jaa la Dandora. "Asante, Kweyu. Na Nekesa asijue."

Akasikia mkwe wake akicheka, jambo ambalo hakuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo.

Alitoka mbio na kandambili zake. Vijana wa taka walikuwa wameegesha mkokoteni mwisho wa barabara, magunia yamerundikwa, wakilingoja lori. Mkubwa wao, Makokha, mtu mzima mwenye ndevu, alimwona akija.

"Niaje, mathe. Umesahau nini?"

"Gunia langu ni lipi?"

"Sasa yote ni yako," mwenzake akasema, wakacheka.

"Makokha, nilikuwepo ukibatizwa. Ulilia kanisa zima likasikia. Shusha magunia."

"Mathe, lori liko hapo kona tu."

"Basi shusha haraka."

Wakashusha. La kwanza halikuwa lake, wala la pili. Kwenye la tatu aliona maganda ya vitunguu, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Makokha akamwambia amwachie atafute yeye, Triza akamjibu kwamba yeye hajui kinachotafutwa. Akaitoa karatasi ya mkate, akavitenganisha vipande viwili vya lile ganda pale pale barabarani. Kipande kilikuwepo, cheusi, kimejibana kwenye kona yake. Alikikwangua kwa pini ya nywele mpaka kikamdondokea kiganjani, akafunga ngumi na kurudi.

Alipofika langoni alimkuta Mulama amesimama kando ya gari la buluu pamoja na mwanamke kijana mwenye hijabu ya kijani. Mulama alimtazama mama yake kuanzia kandambili hadi kiwiko kilichochafuka.

"Mama, umetoka wapi?"

"Nimetoka nilikokuwa."

"Huyu ndiye Qamar. Nimemwambia ufunguo una shida kidogo, lakini tutamtafutia mwingine."

Qamar akatoa salamu. Triza akamwitikia, akamwomba radhi kwa mkono mchafu, akaingia kwenye gari. Akafungua ganda jipya mapajani pake. Mulama aliendelea kumweleza mgeni habari za magurudumu, na jinsi gari lilivyotumika kidogo, la mama tu, wa kwenda kanisani. Triza akakiona kijishimo alichokuwa amekipuuza asubuhi, kimetengenezwa kwa kipimo cha kipande kile. Akakididimiza kipande, akafunika, akakaza skrubu.

Akazungusha ufunguo. Taa ndogo ikapepesa mara moja, ikazimika. Injini ikawaka.

Mulama akainama dirishani na kupunguza sauti.

"Nani ametengeneza?"

"Mimi."

"Sawa, Mama. Leo limewaka."

"Na kesho litawaka."

"Mgeni ametoka mbali."

"Nitampa chai."

"Tulishakubaliana, Mama."

"Wewe na nani?"

Mulama alisimama wima, akaangalia juu ya paa la gari kama mtu anayetafuta msaada kwa majirani. Triza hakuizima injini. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, inanuka vitunguu, na alikuwa ameshaamua kwamba kama ni lazima ataketi hapo mpaka jua litue.

Qamar alikuwa amesimama kando muda wote huo, akiwasikiliza. Alizunguka mbele ya gari, akaja upande wa dereva, akainama ili waonane uso kwa uso.

"Mama," akauliza, "wewe unauza hili gari?"

"Siuzi," Triza akasema.