Futa “Kila Kitu”

“Bibi, huyu aliyekuleta ni nani wako?”

Bibi alimtazama tu karani wa hospitali pale Mpanda. Binti yake, mama wa makamo kutoka Magamba, akainamisha kichwa. Tangu bibi augue kiharusi, hajamwita binti huyo kwa jina.

Karani akaandika huku akitamka: “Amesahau kila kitu.”

Mimi, niliyekuwa nyuma yao kwenye foleni, nilikaa na bibi kwenye benchi. Binti alikaa chini miguuni pa bibi, kitambaa cha kichwani kikamteleza. Vidole vya bibi vikaingia kwenye nywele zake, vikagawa mistari, vikaanza kusuka mtindo wa twende kilioni, umenyooka kabisa.

“Alikuwa ananisuka hivihivi,” binti alininong'oneza, hataki kutikisika. “Imebaki kuniita jina tu.”

Akili ikaniwaka. Ubongo hauweki majina na ufundi wa vidole kwenye chungu kimoja. Kimoja kikivunjika, kingine bado kinapika. Nikarudi dirishani kwa karani.

“Dada, tafadhali, futa hiyo ‘kila kitu’.”