Kompyuta Yangu Ilimnyima Akiru Ngamia Wake

Ngamia alikuwa amelaza kichwa begani mwa yule mama, anamnusa sikio, na kompyuta yangu ikasema si wake.

Watu karibu mia mbili walishuhudia. Mimi ndiye niliyesoma jibu kwa kipaza sauti.

Sitaki pole zenu. Someni mpaka mwisho, ndipo mnitukane vizuri.

Naitwa Nasike. Ni Mturkana wa Lodwar mjini, mtoto wa askari mstaafu. Nilisomea kompyuta Eldoret miaka minne, nikarudi nyumbani na laptopu, Kiingereza kingi na maringo ya kutosha ukoo mzima. Kuhusu mifugo, nilichojua ni nyama choma.

Mwaka jana ngamia arobaini na saba walioibwa walipatikana upande wa Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Wakaletwa kwenye boma moja nje ya Lodwar ili wenyewe waje kuwachukua.

Wenyewe wakaja. Shida ni kwamba walikuja wengi kuliko ngamia. Siku ya kwanza fimbo zilitembea, watu wawili wakapasuliwa vichwa.

Shirika letu dogo la amani likaombwa lisaidie. Bosi wangu, Mutua, Mkamba mmoja anayependa projekta kuliko chakula, akaniita ofisini.

"Nasike, hawa ngamia si huwa na alama?"

"Huwa nazo. Kila ukoo una yake. Wanachoma kwa chuma cha moto."

"Basi tengeneza kitu kompyuta isome hiyo alama. Wageni wafadhili wanakuja Alhamisi, nataka waone teknolojia."

Kazi yenyewe si uchawi. Unaipa kompyuta picha mbili: kubwa, ya ngamia mzima, na ndogo, ya alama peke yake. Programu inaichukua ile ndogo, inaitembeza juu ya ile kubwa kutoka kona hadi kona, na kila hatua inapima panafanana kiasi gani. Mwishowe inakuonyesha mahali palipofanana zaidi, na namba yake. Moja kamili maana yake ni kitu kile kile. Sifuri ni bure kabisa.

Mimi nikaamua mpaka uwe 0.80. Ukiufikia, ngamia ni wako.

Nikawapiga picha ngamia wote. Nikatuma kwenye grupu ya WhatsApp ili walio mbali nao waone. Picha zenyewe kubwa, zile safi, zikabaki kwenye laptopu yangu tu. Kila mwenye dai akaambiwa alete picha ya alama yake, aliyoipiga kwa mnyama mwingine wa nyumbani.

Alhamisi ikafika. Wa kwanza akapata 0.83. Wa pili 0.88. Wa tatu akaponea chupuchupu na 0.81. Watu wanaondoka na ngamia wao wakiimba, wageni wanapiga picha, Mutua meno yote nje. Manze, nilijiona mtu wa maana.

Ndipo akaja Akiru.

Mama wa miaka arobaini hivi, mrefu, shanga zimepanda hadi kidevuni. Alikuwa ametembea siku tatu kutoka karibu na Kakuma. Ngamia wake walioibwa walikuwa watano, na hakuwa na mwingine, wala mume, wala hata mbuzi. Maziwa ya hao watano ndiyo aliyomuuzia Faiso, Msomali mwenye duka Kakuma, na yaliyobaki ndiyo watoto wake wanne walikunywa.

"Ejok?" akanisalimia.

"Ejok. Lete picha."

Alikuwa na moja tu, imechapishwa kwenye karatasi. Faiso alikuwa ameipiga miaka sita iliyopita mbele ya duka lake: mtoto wa ngamia mweupe, alama mbichi pajani.

"Huyu ndiye Nakwang'," akasema, akionyesha ngamia mkubwa mweupe kwenye boma. Akaita jina lile mara moja. Ngamia akageuka, akapita katikati ya wenzake wote, akaja kumlalia begani. Wale wengine wanne wakamfuata nyuma.

Mimi nikaendesha programu. 0.43.

"Hapana," nikasema.

Akacheka. Alidhani natania.

"Angalia tena. Hii alama ilichomwa akiwa mtoto. Sasa amekua. Alama inakua na mnyama, inafunguka. Hata mtoto mdogo anajua."

"Mama, mashine imesema hapana."

"Wewe ni Mturkana wa wapi, hujui alama inakua?"

Watu wakaangua kicheko. Mia mbili, wote, pamoja na wageni ambao hata hawakuelewa lugha. Nikahisi masikio yanachemka.

Nataka mnielewe hapa. Yule mama alikuwa ameniambia kosa la programu yangu neno kwa neno. Picha yake ilikuwa ya alama ndogo, alama ya leo ni kubwa, na programu yangu ilijua saizi moja tu. Kurekebisha ni mistari sita ya programu. Nusu saa, na chai juu yake.

Lakini nilikuwa nimechekwa.

Nikachukua kipaza sauti. "Dai la uongo," nikatangaza. "Tena sisi hapa tunataka watu wakweli. Askari, mtoe."

Mlinzi wa boma akamvuta mkono. Ngamia akawa hamwachi, anamfuata, hivyo mlinzi akampiga ngamia usoni kwa rungu mpaka akarudi nyuma. Akiru akanyang'anywa fimbo yake na kuketishwa juani pamoja na wezi wawili waliokamatwa asubuhi. Kila aliyepita akamwita mwizi. Saa nne nzima, na mimi nikienda kunywa soda napita mbele yake.

Mchana akaja mwanamume mmoja mwenye miwani ya jua, akajitaja Lomuria. Akadai ngamia wale wale watano. Picha yake ilikuwa kwenye simu, safi ajabu.

Nikaendesha programu.

1.00.

Boma lote likapiga makofi. Mutua akanikumbatia mbele ya wageni. Macho yangu yakalengwa na machozi, wallahi, kwa raha tu. Lomuria akawaondoa ngamia wake watano, na ilibidi Nakwang' afungwe kamba mbili kwa sababu alikuwa anarudi nyuma. Akiru alisimama pale juani akiita. Hatukutafsiri kwa wageni alichokuwa akisema.

Sasa nije kwangu.

Nilikuwa na mchumba, Ekai, dereva wa shirika letu. Miaka miwili anataka kunioa, na baba yangu hataki kusikia habari za pesa za simu. Alitaka mahari ya Kiturkana: ngamia, wakiwa hai, wakiwa na miguu. Ekai hakuwa na ngamia hata mmoja. Mimi nilikuwa tayari na mimba ya miezi minne, na mama yangu alishaanza kuangalia tumbo langu kwa jicho la pembeni. Baba alikuwa ameapa kwamba bila mahari mtoto huyo hatalala chini ya paa lake.

Wiki tatu baada ya ile Alhamisi, Ekai akaja anatabasamu. "Ndugu zangu wamenisaidia," akasema. "Mwambie mzee aandae watu."

Sikuuliza. Msichana mwenye mimba haulizi ngamia wametoka wapi.

Siku ya arusi nyumba yetu ya mtaa wa Kanamkemer ilijaa hadi barabarani. Vigelegele vikapigwa, ngamia wanakuja! Nikachungulia dirishani.

Aliyewaongoza alikuwa na miwani ya jua. Lomuria.

Nyuma yake alikuwa ngamia mkubwa mweupe. Pajani palikuwa na alama mpya, bado ina kidonda, imechomwa juu ya ile ya zamani. Mimi sijui ngamia, lakini paja lile nililijua. Nilikuwa nimelitazama kwenye skrini wiki nzima.

Nikajifungia chumbani na laptopu, nguo za arusi mwilini. Nikafungua picha ya Lomuria. Nikafungua picha yangu kubwa ya Nakwang'. Nikazikuza zote mbili.

Kwenye picha yangu, nzi alikuwa ametua juu ya alama.

Kwenye picha ya Lomuria, nzi yule yule alikuwa pale pale, bawa moja limeinama vile vile.

Haikuwa picha ya mnyama mwingine. Ilikuwa kipande kilichokatwa kwenye picha yangu mwenyewe. Ndiyo maana ikawa 1.00. Watu wakweli walipata 0.83 na 0.88, kwa sababu ngozi mbili hazifanani kabisa hata siku moja. Moja kamili ilitakiwa initie wasiwasi, mimi nikailia machozi ya furaha.

Tena kuna jambo lingine. Picha zikipita WhatsApp zinafifia. Kipande kilichotoka kwenye grupu kisingefika moja kamili. Hicho kilitoka kwenye picha safi, na picha safi zilikuwa kwenye laptopu yangu peke yake.

Paswadi yangu ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Ekai.

Nikamvuta nyuma ya jiko, moshi unatuingia machoni.

"Lomuria ni nani?"

"Mtoto wa mjomba."

"Ekai, hao ngamia ni wa yule mama!"

Hakukana hata kidogo. Alinitazama kwa huruma, kitu ambacho mpaka leo kinaniudhi kuliko vyote.

"Mimi nilikata picha tu," akasema. "Aliyesema ni wetu ni wewe. Kwa kipaza sauti. Ukitaka, toka pale nje uwaambie watu sasa hivi. Baba yako arudishe ngamia, na wewe ubaki na tumbo lako."

Nje wanawake walikuwa wananiita kwa wimbo.

Nikafuta macho, nikatoka, nikacheza.

Ngamia mmoja alichinjwa siku hiyo hiyo. Watatu wakagawiwa wajomba zangu, kila mmoja akaenda kuchoma alama yake. Nakwang' akabaki kwa baba kwa ajili ya maziwa. Mtoto wangu alizaliwa, akalala chini ya paa la babu yake. Wiki moja baada ya arusi nilikuwa nimerekebisha programu, mistari sita, bila kumwambia mtu. Mutua akapandishwa cheo, nami nikaongezewa mshahara.

Jana Mutua akanituma Kakuma. Wanataka programu itumike huko nako, kwenye soko la mifugo. Niliingia duka la kwanza nililoliona kunywa chai, na mwenye duka kuona jina la shirika kwenye fulana yangu, akaweka birika chini.

Alikuwa Faiso.

"Nyinyi ndio watu wa mashine? Wallahi, Akiru hakuna uongo yake. Miaka sita nimenunua maziwa kwake. Mimi ndio nilipiga hiyo picha, hapo hapo mlangoni, Nakwang' akiwa hivi." Akaweka mkono usawa wa kiuno.

"Yuko wapi sasa?"

"Anauza kuni kwa kambi ya wakimbizi. Yule mtoto ya mwisho alikufa mwezi wa nne. Alikuwa mtu wa maziwa, hiyo chakula ingine ilikataa tumbo yake."

Nilitaka kuondoka. Haki ya Mungu nilisimama. Lakini Faiso alikuwa ameshatuma mtu kumwita.

Akiru akaja na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa amekonda hadi shanga zimelegea shingoni. Alinitambua mara moja, nikajiandaa kutukanwa. Badala yake akautua mzigo, akatoa ile karatasi, imekunjwa mara nyingi hadi imepasuka katikati.

"Wanasema mashine imetengenezwa vizuri siku hizi," akasema. "Weka tena. Kama itasema ni wangu, nitaenda kuwatafuta hata Uganda. Kama itasema hapana, basi nitanyamaza, nilale."

Faiso alikuwa anahudumia wateja upande wa pili. Mezani tulikuwa wawili.

Nikafungua laptopu, nikaipiga picha ile karatasi. Programu ikaikuza polepole, saizi moja baada ya nyingine, ikiitembeza juu ya paja la Nakwang'. Ikasimama.

0.91.

Akiru hajui kusoma. Alikodolea namba ile macho, kisha akanitazama usoni.

"Inasema nini?"

Nikamfikiria baba. Nikamfikiria Ekai, na wajomba watatu, na kazi yangu, na mtoto wangu aliyekunywa maziwa ya Nakwang' asubuhi ile ile.

"Inasema hapana, mama."

Aliilainisha ile karatasi kwa kiganja. Halafu akaikunja.

"Asante," akasema. "Wewe angalau umejaribu mara mbili."

Akaona fulana yangu imelowa kifuani. "Una mtoto mdogo?"

"Ndiyo."

Akashika mikono yangu yote miwili, akaifungua viganja, akatema mate kidogo katikati, jinsi mama zetu wanavyobariki.

"Anywe maziwa," akasema. "Akue."

Akajitwika kuni zake, akaenda.

Somo ninalo moja tu, na nimelilipia kwa mtoto wa mtu mwingine. Mkiambiwa kompyuta imekataa, msiikasirikie kompyuta. Yangu ilimjibu Akiru ukweli jana, tena waziwazi, mbele ya macho yake. Ulizeni aliyewasomea jibu ni nani, na nyumbani kwake wanakunywa nini.